Kusoma Bure kwa Simu Ukiwa Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kibanda changu kipo Mwanga, Kigoma mjini. Kinachapa barua, kinatoa kopi, kinachaji simu. Ikifika jioni nafunika mashine ya kopi kwa kanga, natoa mabenchi mawili, na watu wanakaa kusoma. Wapo wanaorudia kidato cha nne, yupo fundi pikipiki, wapo mama zetu wa mwalo wa Kibirizi. Kila wiki naulizwa yale yale, na sauti yangu inakauka. Nimeyaandika hapa ili ukifika tuanze na daftari moja kwa moja.

Ni bure kweli, au mbele ya safari nitaambiwa nilipe?

Masomo ni bure, bando si bure. Hilo nalisema mapema ili tusije tukalaumiana.

Vitu vya bure kabisa vipo na ni vingi. Khan Academy ilianza kwa jambo la kifamilia: mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akifanya kazi ya fedha huko Marekani, alianza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine. Ndugu wengine wakadandia, mwaka 2006 akaanza kuweka video YouTube, na mpaka leo masomo yale hayalipiwi. OpenStax, ya Chuo Kikuu cha Rice, tangu 2012 inatoa vitabu vizima vya fizikia, baiolojia na uchumi ambavyo unapakua na kubaki navyo. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa dunia nzima, na kimefanya hivyo.

Halafu kuna nusu bure. Coursera na edX, tovuti za kozi za vyuo, wana kozi unazoweza kufuatilia bila kulipa, nzima au sehemu yake tu, ila ukitaka cheti unatoa hela. Si wizi, wanasema wazi. freeCodeCamp, ya wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, hata cheti hawakitozi.

Bando linaisha kabla somo halijaisha. Mnafanyaje?

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, shusha ubora wa video. Saa moja ya YouTube kwenye 720p inakaribia kula GB nzima. Ile ile kwenye 144p haifiki MB 100. Sura ya mwalimu itakuwa kama imepakwa uji, lakini namba ubaoni kwa kawaida zinasomeka, na sauti ni ile ile. Mwalimu huyo hukuja kumposa.

Pili, pakua usiku wakati bando la bei nafuu linafanya kazi, usikilize mchana. Tena apakue mmoja tu. Mkiwa sita na kila mtu anafungua video ile ile kwa bando lake, mmeinunua mara sita. Apakue mmoja, awarushie wengine simu kwa simu au kwa memori kadi.

Tatu, na hii ndiyo iliyobadilisha kibanda changu: tumia vitu visivyohitaji intaneti kabisa. Kiwix ni programu inayobeba Wikipedia nzima ndani ya simu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo na inaingia kwenye simu ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha inafika GB 100 hivi, hiyo iachie kompyuta. Kolibri ni programu ya masomo, ya wale waliotengeneza njia ya kuitumia Khan Academy bila mtandao. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza masomo siku moja yenye mtandao mzuri, kisha unaiunganisha na router, kile kisanduku cha kurusha WiFi. Wanafunzi wanafungua kwa simu zao, wanaona video, wanafanya mazoezi, wanasahihishwa, na hakuna MB hata moja inayokatwa. Menyu zake zina Kiswahili pia.

Kompyuta yangu ni laptop iliyovunjika bawaba, imeegemezwa kwenye kopo la rangi. Router ni kuukuu, niliinunua kwa elfu ishirini na tano. Wageni wakiona alama ya WiFi imejaa wanakimbilia kufungua WhatsApp, haifunguki, wananitazama kama nimewatapeli. Nawaambia hii WiFi haiendi mjini, inaishia ukutani hapo. Wenyewe wameipa jina: mwisho wa reli.

Sina simu janja. Nina kitochi tu.

Njoo na kitochi chako. Hapa tunahesabu simu janja moja kwa watu wanne mpaka sita, na kwa maoni yangu inafundisha kuliko kila mtu na yake. Simu ikiwa moja, lazima mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, na wa tatu aulize "hapo umesemaje?"

Wazee wetu walishafanya hivyo kwa redio. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12 za vipindi vya redio, vikundi vinakaa, vinasikiliza, vinajadili, kisha vinakwenda kuchimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Redio ilikuwa moja, watu wengi, na kazi ya mikono ikafuata. Ukimkuta mzee Ujiji anayeikumbuka, mnunulie kahawa umsikilize.

Kwa mwenye kitochi chenye memori kadi nampa pia masomo ya sauti. Fundi wetu wa pikipiki anayachomeka kwenye spika ya gereji yake. Wateja walilalamika wiki ya kwanza, sasa wanabishana nayo.

Mwanangu alikuwa wa kwanza darasani mpaka la saba. Amefika kidato cha kwanza anakuwa kama bubu.

Mama, mtoto wako hana tatizo la akili. Amebadilishiwa lugha. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari vitabu vimekuwa Kiingereza siku moja.

Kuna binti alikaa benchi la nyuma wiki nzima hasemi. Nikamwuliza usanisinuru ni nini, akanieleza vizuri, jua, majani, maji, hewa ukaa, mpaka akachora. Nikaandika chini ya mchoro wake neno photosynthesis. Akalitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni hii? Nilidhani ni ugonjwa." Muhula mzima aliupoteza kwa neno alilokuwa analijua.

Kwa hiyo tunaanzia hapo. African Storybook ina hadithi fupi za bure, na nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Mtoto anasoma ya Kiswahili leo, ya Kiingereza kesho, hadithi ile ile. Kwa sayansi tunatumia PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Ni majaribio ya kuchezea kwa kidole: unaongeza betri, balbu inawaka zaidi, unakata waya, inazima. Mengi unaweza kuyapakua yakafanya kazi bila mtandao. Shule isiyo na maabara ya maana, hii ni afadhali, ingawa haitamfundisha mtoto harufu ya kemikali wala namna ya kushika kopo la moto.

Kwa wadogo zaidi, Ubongo Kids. Ni kazi ya Watanzania, ya Kiswahili, hesabu kwa nyimbo na vikaragosi. Nimeona watu wazima wakijifanya wanamsubiri mtoto huku wanaangalia wao.

Vitabu vya shule vya serikali vinapatikana wapi?

Kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Unajisajili, unasoma bila malipo. Angalia sana toleo la kitabu: mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024, unaingia kwa awamu, na noti nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni za mtaala wa zamani. Mwulize mwalimu wa mtoto darasa lake lipo mtaala upi kabla hujachapa kurasa mia mbili. Mimi nafaidika ukichapa, lakini nakuonya.

Niliacha kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Mlango umefungwa?

Haujafungwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Ukiona aibu kukaa na wadogo zako, au mtoto bado ananyonya, kuna njia ya pili: elimu ya sekondari kwa njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria mwaka 1975 na inafanya kazi mikoani. Njia ya tatu ni kujiandaa mwenyewe na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Wengi wenu nimewaona mkija mmejifunika kanga mpaka usoni, mnauliza bei ya kopi wakati hamna karatasi. Uliza tu, dada. Benchi la kushoto lina wenzio watatu, na watoto wao wanalala kwenye boksi la karatasi za A4.

QT ni nini hasa?

Ni Mtihani wa Maarifa. Ukifaulu unapata ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne hata kama hukupita kidato cha pili. Kama ulishafaulu upimaji wa kidato cha pili zamani, huuhitaji. Usajili huwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, kwa hiyo anza kuulizia kituo Januari. Anayekuja Agosti akisema "nataka kufanya mwaka huu" namkaribisha kiti, namwambia mwakani.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho mnaona watu wanakidharau?

Kipo, na kinaniuma. Kila mtu anatafuta mitihani iliyopita. Wachache wanajua kwamba Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Mle ndani wanachukua swali, wanaeleza lilikuwa linapima nini, wangapi walilipata, waliokosa walikosea wapi. Kisha wanaweka picha ya majibu ya mtahiniwa aliyefanya vizuri na ya aliyevuruga, kwa mwandiko wao wenyewe.

Tuliifungua ya historia siku moja tukaisoma kwa sauti. Mtahiniwa mmoja alikuwa ameulizwa sababu, akaandika matokeo, kwa mpangilio mzuri na mwandiko wa kupendeza. Kijana anayerudia mtihani kwa mara ya pili akanyamaza, kisha akasema, "Huyu ni mimi." Hakuwa yeye, bila shaka, ila kosa lilikuwa lake. Tangu siku hiyo anapigia mstari neno la kuuliza kabla hajashika kalamu.

Cheti cha mtandaoni mwajiri atakikubali?

Inategemea mwajiri na inategemea kazi. Anayetafuta mtu wa kutengeneza tovuti atataka kuona tovuti uliyotengeneza. Anayeajiri serikalini atataka vyeti vya NECTA na vya chuo kinachotambulika, hapo cha mtandaoni kitakaa chini ya bahasha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge. Niliona tangazo la "diploma ya kimataifa ya wiki sita", nikatuma elfu arobaini na tano kwa namba ya simu. Nilipata cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, na jina langu limekosewa. Somo lenyewe halikuwepo. Tangu hapo nina kanuni: anayeomba hela kabla hajakuonyesha hata somo moja, mpite.

Kwa mafundi kuna njia nzuri kuliko cheti chochote cha mtandao. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia gerejini, jikoni au kwenye ujenzi anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti. Kigoma chuo cha VETA kipo. Fundi wetu ameshakwenda kuuliza, amerudi anasoma majina ya vipuri kwa Kiingereza usiku na mchana.

Na shahada? Kazi yangu hainiruhusu kwenda chuo.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya mtu kama wewe, na kina kituo hapa mkoani. Ada ipo, ila hupangi chumba Dar es Salaam.

Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, si alifika Gombe bila shahada? Kwa nini mimi nihangaike?

Kila msimu yupo kijana wa kuniletea hili, na ni kweli. Alifika Gombe Julai 1960, hana shahada yoyote, ana darubini na daftari. Baadaye Cambridge wakampokea moja kwa moja kwenye masomo ya udaktari. Lakini kumbuka mambo mawili: nyuma yake alisimama mwanasayansi Louis Leakey aliyemtafutia fedha na nafasi, na lile daftari alilijaza kila siku kwa miaka. Wewe daftari lako la tangu Jumatatu lina ukurasa mmoja, na nusu yake ni mchoro wa nembo ya Yanga.

Shule yenyewe watoto mia darasani. Si bora nimtoe nimfundishe nyumbani kwa mtandao?

Usimtoe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto aliyefikisha miaka saba na kuhakikisha anahudhuria. Msomeshe jioni juu ya shule.

Mimi ni mvuvi. Usiku nipo ziwani, mchana nalala. Nitasoma lini?

Wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za mitumbwi hazivuti dagaa, watu wanakaa nchi kavu siku kadhaa, wanacheza bao na kudaiwa. Kundi la wavuvi tumelipangia ratiba ya mwezi wa angani, si ya kalenda ya ukutani: siku zile wanasoma kila jioni, giza likirudi wanabeba memori kadi yenye somo moja tu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, mabenchi hayakutosha. Watu walikaa juu ya ndoo. Ilikuwa miezi mibaya kwa mifuko yao na sitasema walifurahi, ila wawili waliimudu hesabu ya faida na hasara kiasi kwamba sasa ndio wanaoshika daftari la mtumbwi.

Nina miaka hamsini na mbili, sijui kusoma kabisa. Simu itanifundisha?

Simu peke yake, nina shaka. Simu na mtu pembeni, ndiyo.

Kati ya 2017 na 2019 shindano kubwa la dunia, Global Learning XPRIZE, lilifanyiwa majaribio mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170, wengi wao hawajawahi kusoma shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu za fainali zikawekwa wazi kwa yeyote. Hao walikuwa watoto, lakini herufi ni zile zile.

Mama mmoja wa dagaa alianza kwetu na herufi sita tu, zile za jina lake. Hakutaka "a, e, i, o, u". Alitaka kuandika majina ya wanaomdai na anaowadai. Tukaanza na majina hayo. Mwezi wa tatu alinionyesha daftari lake la mwaloni: jina, ndoo ngapi, kiasi. Jina la nne lilikuwa langu.

Naweza kuuliza akili mnemba (AI) maswali ya mtihani?

Uliza ikueleze usichoelewa, kisha hakiki kitabuni. Huwa inakosea huku inajiamini kama mtoa hoja wa kijiweni. Ukiipa kazi ikuandikie insha, Novemba hutaingia nayo chumba cha mtihani.

Nataka kuanzisha kikundi kama hiki Kasulu, au Tabora. Nahitaji nini?

Laptop moja isiyokufa, router, benchi, na mtu asiyechoka kufungua mlango siku ile ile, saa ile ile. Hicho cha mwisho ndicho adimu. Nimesaidia vikundi viwili kuanza. Kimoja kilikuwa na kompyuta tatu mpya kikafa kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti na mwenyekiti yupo safarini. Kingine kina simu moja yenye kioo kilichopasuka na bado kinakutana chini ya mwembe. Njoo na diski au flashi yenye nafasi, nitakunakilia Kolibri na Kiwix. Leta ya GB 128 ukiweza, na uisafishe virusi kwanza, tafadhali.

Mnaanza saa ngapi?

Saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Umeme ukikatika tunaendelea kwa taa ya sola na betri ya laptop, kama saa moja na nusu hivi. Kopi wakati huo sitoi, hata ukiniambia ni dharura.